Nimwandike Babu yupi, wa daftari la vita au wa pasi ya mkaa?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 28, mkoa wa Mara. Nimelelewa na babu na bibi wazaa mama. Babu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 72. Mwisho wa mwezi ujao tuna ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, siku hiyo hiyo kaburi lililojengewa litawekwa wakfu. Kikao cha ukoo kimenipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake. Siku ya maziko ulisomwa wa nusu ukurasa, ulioandikwa usiku ule ule wa msiba, na watu wengi walisema haukumtendea haki.

Babu aliingia jeshini mwaka 1973 akiwa na miaka 21, akastaafu 1998 akiwa Afisa Mteule Daraja la Pili. Alipigana vita vya Kagera, akabaki Uganda mpaka 1981. Mwaka 1987 alikwenda Msumbiji, akarudi 1988. Mama yangu ndiye mtoto wake wa kwanza, alizaliwa 1975. Mjomba ni wa 1977 na mama mdogo wa 1983. Miaka yote hiyo bibi alikuwa kijijini na watoto, babu alikuwa kambini.

Mimi nililetwa kwao mwaka 2001, mama alipokwenda Mwanza kutafuta kazi. Nilikuwa na miaka minne. Babu ndiye aliyekuwa ananiandaa kwenda shule. Jumapili jioni aliwasha pasi ya mkaa, akaipeperusha nje mpaka makaa yakawa mekundu, akatandika blanketi mezani. Sketi yangu ya marinda aliilaza, akayapanga rinda moja moja kwa kupima na kiberiti ili upana uwe sawa, akaweka kitambaa kibichi juu ndipo apitishe pasi, majivu yasiguse nguo. Sijawahi kwenda shule Jumatatu na rinda lililopinda, kuanzia chekechea mpaka la saba. Mvua kubwa ikinyesha usiku na bati likapiga kelele, nikiamka namkuta amekaa sebuleni amevaa viatu. Ananiambia, "Lala mjukuu wangu, mimi niko lindo."

Sasa shida yangu. Mjomba anataka wasifu uanze na maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu Idi Amin, "uwezo wa kumpiga tunao," halafu useme babu alikuwa Kapteni na alikuwa wa kwanza kuingia Kampala. Anataka pia mtoto wake wa kiume avae gwanda la babu siku hiyo, asimame karibu na kaburi. Mama mdogo anasema habari za jeshi ziachwe kabisa, kwa sababu likizo ya babu kwao ilikuwa adhabu: walikaguliwa kucha, vitanda, madaftari, na fimbo ilikuwa juu ya mlango. Mama yangu hasemi kitu. Nilipomshikilia sana alijibu mara moja tu: "Mimi sketi yangu hakuwahi kuipiga pasi. Andika unachotaka, ila mimi usiniandike."

Kuna na jambo ambalo nimemwambia bibi peke yake. Kwenye sanduku la bati la babu nilikuta daftari dogo la jalada gumu. Lina majina 11 ya wanaume na namba zao za jeshi. Matano yamewekewa msalaba. Kuna kurasa zenye mahali na miezi: Mutukula Januari 79, Mbarara Februari 79, baadaye Fort Portal. Mbele ya jina moja lenye msalaba ameandika maneno mawili, "kosa langu." Bibi alipoambiwa alisema daftari liwekwe ndani ya zege la kaburi na lisitajwe tena.

Nilimpenda babu kuliko mtu yeyote. Lakini kila nikikaa kuandika naona kama nachagua: nikimwandika mwanajeshi nampoteza babu yangu, nikimwandika babu yangu namkosea mama. Na hilo daftari linaninyima usingizi. Nifanye nini?

Mjukuu wa Afisa Mteule, Mara

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Mwaka mmoja si muda mrefu kwa mtu aliyekupangia marinda kwa kiberiti.

Umeniuliza kuhusu maandishi, lakini ndani ya barua yako kuna watu watano, na kila mmoja amefiwa na mtu wake. Mjomba amefiwa na shujaa aliyekuwa akimsikia kwa mbali. Mama mdogo amefiwa na mkaguzi. Bibi amefiwa na mume ambaye kwa miaka 25 alikuja kwa likizo na kuondoka. Wewe umefiwa na mzee aliyekaa lindo mvua inaponyesha. Mama yako sijui amefiwa na nani, na nadhani hata wewe hujui, maana amekupa sentensi mbili tu. Nitairudia sentensi yake ya kwanza baadaye, kwa sababu naiona ndiyo nzito kuliko yote uliyoandika, nzito kuliko hata daftari.

Nianze na yale yenye majibu ya wazi zaidi, uyatue mapema.

Cheo. Umesema alistaafu Afisa Mteule Daraja la Pili. Kama hati zake za kustaafu zinasema hivyo, hicho ndicho cheo chake. Mjomba pengine anaona neno Kapteni linasikika kubwa, na simlaumu, mtoto hupenda baba yake asikike. Lakini mwambie taratibu namna vyeo vya askari vinavyopandwa: praiveti, lansi koplo, koplo, sajini, sajini taji, halafu ndipo afisa mteule. Mtu hafiki hapo kwa kozi moja. Anafika kwa miaka, kwa kuaminiwa na makamanda waliopita mmoja baada ya mwingine, na kikosini afisa mteule ndiye ambaye vijana humwogopa na maluteni wapya humuuliza mambo. Kapteni ni ngazi nyingine kabisa, ya maofisa wenye kamisheni. Siku ya kumbukumbu watakuja wastaafu wenzake, wamevaa suti zao na nishani kifuani. Cheo kisicho chake kikisomwa watakijua palepale, na kila kitu kitakachofuata, hata kilicho kweli, watakisikiliza kwa shaka. Hasara hiyo ataibeba babu, hataibeba mjomba.

Kampala nayo ni hivyo hivyo, na hapa daftari limekusaidia bila wewe kujua. Baada ya Mutukula majeshi yetu hayakufuata njia moja. Brigedi za 201, 207 na 208 zilikwenda Masaka, zikapigana Lukaya mwezi Machi 1979, zikashika Entebbe, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Brigedi ya 206, chini ya Silas Mayunga, ilishika njia ya Mbarara na baadaye magharibi. Mtu aliyeandika Mutukula, Mbarara, Fort Portal anakuonyesha njia aliyopita, na si ile iliyoingia Kampala siku ile. Sisemi daftari ni ushahidi wa mahakamani. Huenda alihamishwa kikosi, huenda kuna kurasa zilizopotea. Ila kwa hicho kilichopo, sentensi ya "wa kwanza kuingia Kampala" haina mguu wa kusimamia.

Usimnyang'anye mjomba sentensi yake bila kumpa nyingine. Nenda naye kando, si kwenye kikao, maana mwanaume akisahihishwa na mpwa wake mbele ya ukoo atatetea kosa mpaka mwisho. Muonyeshe ramani kwenye simu. Weka kidole Mutukula, kipeleke Mbarara, kipeleke Fort Portal, na umkumbushe kwamba askari wa miguu sehemu kubwa ya njia hiyo walitembea. Halafu mpe maneno kama haya ayapime: "Alivuka mpaka Mutukula Januari 1979, akawa miongoni mwa walioingia Mbarara mwezi uliofuata." Mtoto yeyote wa mwanajeshi anaweza kutaja Kampala. Wanaoweza kutaja njia ya baba yao kwa mwezi ni wachache. Akikataa bado, una njia ya kati: somo lako libaki na yaliyothibitika, naye apewe dakika mbili za kuzungumza kama mtoto wa marehemu, aseme kwa kinywa chake. Hatari yake ni kwamba wageni watasikia habari mbili tofauti siku moja. Uzito wa hatari hiyo mnaujua ninyi wenye familia.

Maneno ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978 ni ya taifa zima. Yakitajwa kwa mstari mmoja, mahali vita inapoingia kwenye habari, yanakaa vizuri. Yakiwa ndiyo mwanzo, watu wataanza kumkumbuka Mwalimu kabla hawajamkumbuka babu.

Gwanda naliombea uangalifu mkubwa. Raia kuvaa sare za Jeshi ni kosa kisheria, na mwaka 2023 JWTZ ilitangaza hadharani kwamba raia wenye sare au mavazi yanayofanana nazo wazisalimishe ndani ya siku saba. Nia njema ya mjomba haibadilishi hilo, na patakuwepo askari siku hiyo. Kama gwanda bado liko sandukuni, mtu mzima wa familia aende ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya au kwenye kikosi alichostaafia, aeleze ni la marehemu, aulize utaratibu wa kulirudisha. Kwa siku yenyewe, wekeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, picha yake akiwa na sare, na nishani zake mbele ya picha. Msizisugue nishani kwa dawa ya kung'arisha chuma wala majivu. Utepe unanyonya ile dawa na rangi inachuja, na maandishi yaliyochongwa yanafifia kila unaposugua. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Yule mjukuu wa kiume akitaka kushiriki, yeye ndiye abebe picha.

Sasa daftari.

Nakuomba kwanza utofautishe maswali mawili uliyoyafunga pamoja: lihifadhiwe au lisihifadhiwe, na lisomwe au lisisomwe. Unaweza kulihifadhi bila kusoma hadharani hata neno moja. Na hakuna linalokulazimisha uamue yote kabla ya mwezi ujao. Zege ndilo lenye haraka, daftari halina.

Maneno "kosa langu" umeyabeba kama ungamo. Inawezekana ni ungamo. Lakini yaangalie tena: ni maneno mawili, hayana kitenzi, hayana tarehe, hayasemi kosa gani. Askari aliyebadilishana zamu na mwenzake, na mwenzake akapigwa kwenye ile zamu, anaweza kuandika hivyo. Kamanda wa seksheni aliyesema "pita huku" badala ya "pita kule" anaweza kuandika hivyo. Aliyechelewa kurudi na maji anaweza. Waliopona vitani mara nyingi hujihesabia makosa ambayo mtu mwingine yeyote asingeyaita makosa, na huyabeba kwa sababu wafu hawawezi kuwaambia "hapana, haikuwa wewe." Na inawezekana pia kulikuwa na kosa la kweli. Huna njia ya kujua kwa kuyatazama yale maneno usiku kucha, na huko kutafuta ndiko kunakokunyima usingizi. Huhitaji kumtetea babu kwa kesi usiyoijua, wala kumhukumu.

Kuhusu kukaa lindo mvua inapopiga bati: madhara ya vita kwenye akili yaliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, kwa jina linalotumika hadi leo, mwaka 1980 tu. Babu wakati huo alikuwa bado Uganda. Kizazi chake kilirudi nyumbani bila mtu wa kuwaambia kwamba kushtuka, kukosa usingizi, ukali wa ghafla na kuhitaji kila kitu kiwe mahali pake vinaweza kuwa jeraha. Simpimi marehemu, na wewe usimpe jina la ugonjwa kwenye wasifu. Nakupa tu pembe nyingine ya kutazama ukaguzi wa vitanda na lindo la mvua. Huenda ni vitu viwili vya mtu mmoja.

Bibi anataka daftari lizikwe. Yeye ni mjane, na neno lake lina uzito kuliko langu. Ila kabla ya kumtii au kumbishia, muulize anaogopa nini. Anaweza kuwa anaogopa jina la mumewe kuchafuka. Anaweza kuwa anaijua habari ya lile jina, aliambiwa usiku mmoja mwaka 1981 na ameitunza mpaka leo. Anaweza kuwa amechoka tu na vita iliyokaa chumbani kwake maisha yote. Kila jibu linafungua njia tofauti. Akisema "alinikabidhi, akasema life nami," hilo ni agano la wawili, na mjukuu hana budi kulifikiria mara mbili kabla ya kulivunja. Akisema anaogopa watu, basi bahasha iliyofungwa, yenye saini yake juu ya gundi na maelezo ya lini ifunguliwe, inaweza kumtuliza kuliko zege. Jambo moja tu nikwambie kwa ukweli: karatasi ndani ya zege bichi itaoza kwa maji na chokaa. Kuliweka kule si kulihifadhi, ni kuliondoa. Mkichagua hivyo mchague mkijua.

Wakati mnazungumza, lilinde, kwa idhini yake. Litoe kwenye sanduku la bati kama liko kwenye nyumba yenye unyevu, maana bati linatoa jasho usiku na kutu inapanda kwenye karatasi. Nawa mikono, ikauke. Lipige picha kwa mwanga wa dirishani asubuhi, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa ili maandishi yasipinde, ukurasa mmoja kila picha, hata zile kurasa tupu. Yaliyofifia kwa penseli yapige mara ya pili mwanga ukitokea ubavuni, mikwaruzo itaonekana. Usiunganishe kilichochanika kwa gundi ya utepe, gundi hiyo inageuka njano na kula karatasi. Usilipeleke likafunikwe plastiki kwa moto stesheneri, halitafunguka tena. Lifunge kwa karatasi nyeupe safi, liingize kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati la ndani, mbali na moshi wa jiko na ukuta unaogusana na nje. Mchwa hupanda kupitia ukutani. Picha za simu zisikae kwenye simu peke yake, simu huibiwa.

Yale majina 11, tafadhali, yasiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wala kwenye kitabu cha ibada. Kila moja ni baba au kaka wa watu fulani. Kuna familia ambazo mpaka leo zinajua tu kwamba kijana wao "hakurudi". Wakisoma jina lake kwenye simu ya mtu wakiwa kwenye daladala, lenye msalaba pembeni, watafiwa upya bila mtu wa kuwashika. Kama ukifika wakati unataka kuwatafuta, anzia kwa wastaafu waliotumikia na babu, watu wazima wanaojua nani bado yuko hai, na pitia kikosi. Wengi waliokufa vitani walizikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wanakumbukwa. Kwenda pale na bibi siku moja, mkasoma majina kwenye makaburi kwa ukimya, ni kitu ambacho pengine kingemfaa yeye na wewe. Au asitake. Muulize.

Na lile jina moja: hata ukiipata familia, yale maneno mawili si habari unayoweza kuwapa, kwa sababu huijui. Mzee aliyekuwa kwenye kombania ile anaweza kuijua. Mwendee bila daftari mkononi, mwache aseme anachotaka kusema, na akinyamaza usimsukume.

Nafika kwa mama yako.

Umeisikia sentensi yake kama malalamiko juu yako, kwamba ukimsifu babu unamkosea. Isome tena polepole. Amekumbuka sketi. Angeweza kutaja fimbo kama mdogo wake, au ada, au miaka aliyokosekana. Ametaja kitu kile kile ambacho wewe ulipewa. Maana yake ameiona. Alipokuja likizo kutoka Mwanza alisimama mlangoni akamwona baba yake ameinama mezani na kiberiti, anapima rinda la mtoto wake, na hakuna aliyemwuliza alijisikiaje. Mtu anaweza kufurahi sana kwa ajili ya mtoto wake na kuumia kwa ajili yake mwenyewe, dakika ile ile. Huenda ndicho kilichomfunga mdomo.

Chukua karatasi, ichore safu tatu: mwaka, babu alikuwa wapi, kila mtoto alikuwa na umri gani. Jaza kuanzia 1973. Utaona vita inaanza mama ana miaka mitatu. Anarudi kutoka Uganda mama ana sita. Kwa kawaida ya wakati ule angeanza la kwanza 1982 na kumaliza la saba 1988. Babu anakwenda Msumbiji mama akiwa darasa la sita, anarudi mwaka mama anaofanya mtihani wa mwisho. Anastaafu mama ana miaka 23, wewe una mwaka mmoja. Kwa hesabu hiyo, Jumapili jioni nyingi za shule ya mama babu hakuwepo kabisa nyumbani.

Karatasi hii itakusaidia kwa wasifu, miaka haitagongana. Lakini usiipeleke kwa mama kama utetezi. Ukimwambia "unaona mama, hakuweza," umemjibu mtoto wa miaka tisa kwa ratiba ya Jeshi. Alishajua hakuwepo. Na kutokuwepo hakuelezi ukali wa siku alizokuwepo. Jeshi lilimpeleka Uganda na Msumbiji, halikumwagiza akague kucha za watoto akiwa likizo. Mama mdogo ana haki ya kukumbuka fimbo juu ya mlango, na wala hamchafui marehemu kwa kukumbuka.

Kuna watu watakwambia babu alikuwa analipa deni kwa wajukuu. Inawezekana. Wanaume wengi waliostaafu kazi za mbali hujifunza kulea kwa wajukuu, kwa sababu ndipo muda ulipopatikana. Ila jihadhari kuliandika hivyo. Deni la mama yako haliwezi kulipwa kwako, na ukilisoma hadharani kama lililolipwa, utakuwa umelifunga kwa niaba yake bila kumwuliza.

Amekwambia usimwandike. Njia moja ni kumtii kama alivyosema: jina lake litatajwa tu kwenye orodha ya watoto, basi. Ni salama, na hatari yake ni kwamba simulizi itakuwa na babu na mjukuu, na katikati pengo ambalo kila mwanakijiji mwenye umri wake ataliona. Njia nyingine ni kumpelekea sentensi moja, iliyoandikwa, umwache nayo siku kadhaa. Kwa mfano: "Kwa miaka 25 ya utumishi aliishi mbali na watoto wake, na umbali huo ulibebwa na mke wake na wao." Haimsifu babu, haimshitaki, na ni kweli. Mama anaweza kuikata. Anaweza kuiongeza neno. Akisema hapana, iwe hapana, hata kama wewe unaipenda. Njia ya tatu ni ngumu kidogo: kumwuliza habari zake, bila wasifu kutajwa. Nani alikuwa anakupigia pasi wewe? Barua za babu zilikuja, nani alizisoma kwa sauti? Uliza mkiwa mnafanya kitu, mnachambua dagaa au mnapepeta mchele, mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Hatari ni kwamba atasema jambo kuhusu babu yako ambalo hungependa kulijua. Jiandae kwa hilo kabla ya kuuliza.

Wewe unaona unachagua kati ya wawili. Mimi nikisoma barua yako naona zile Jumapili za pasi zimejaa jeshi. Blanketi lililonyooshwa mezani, upana sawa, kitambaa kibichi, "niko lindo." Ukiandika ile meza kama ulivyoniandikia mimi, wastaafu watamwona mwenzao na watoto wa shule watamwona babu, na hutahitaji kusema alikuwa mtu wa nidhamu wala mtu wa upendo. Acha hayo maneno mawili kabisa. Swali ambalo siwezi kukujibia ni kama mama anaweza kukaa mstari wa mbele na kuisikia ile meza ikisomwa. Huenda anahitaji kuisoma kwanza akiwa peke yake. Huenda ungependa kuifupisha. Hilo mlipime ninyi.

Kwa kazi yenyewe, lenga maneno 600 hadi 700. Kwa kusoma taratibu nje, kwenye turubai, na spika inayorudisha sauti, hiyo ni dakika saba hivi, na zaidi ya hapo watu wanaanza kuangalia jikoni. Kuzaliwa na elimu yapite kwa mistari mitatu. Utumishi upe theluthi moja, kwa miaka na mahali, bila silaha na bila idadi ya waliouawa. Nyumbani pape nafasi kubwa kuliko walivyozoea kwenye wasifu wa wanajeshi. Ugonjwa na kifo vilishasomwa siku ya maziko, sentensi moja yatosha. Orodha ya watoto, wajukuu na vitukuu ihakikiwe na bibi kwa sauti, jina kwa jina, mtoto mmoja akisahaulika hapo ukoo utakumbuka hilo tu. Mpe mstaafu mmoja aliyemjua asome sehemu ya utumishi wiki moja kabla.

Chapa kwa herufi kubwa, mistari iachane, upande mmoja wa karatasi, na namba juu ya kila ukurasa maana upepo wa ziwa hauna adabu kwa karatasi. Isome kwa sauti mara tano nyumbani. Mahali unapolia mara zote tano, weka alama ya kupumua kabla yake, unywe maji, uendelee. Na toa nakala ya pili kwa mtu atakayesimama nyuma yako, ili sauti ikikatika aendelee pale ulipoishia. Mtu huyo ukoo hawajamchagua. Kabla hujamwambia mwingine yeyote, muulize mama.